Sindano ya Kila Msimu: Nani Arudie, Nani Apumzike

Mwaka 2021 watu waliuliza kama chanjo ya UVIKO-19 ni salama. Siku hizi anayeuliza ni mtu aliyekwisha kuchanjwa mara tatu, nne, wengine sita, na anataka kujua kama ya saba ndiyo itakayomdhuru. Kwa walio Leicester, Uingereza, au Minneapolis, Marekani, swali huja na ujumbe wa kliniki kila ifikapo Septemba. Nyumbani, Afrika Mashariki, huja kwa mlango mwingine: hospitali binafsi ina chanjo ya mafua kwenye friji, ni ya kununua, je, nimnunulie mama kila mwaka?

Nitaanza na jibu ili asiye na muda aende zake. Mwenye miaka 65 na kuendelea, au mwenye maradhi ya kudumu, arudie zote mbili, ya mafua na ya UVIKO, maadamu anazipata. Kijana mzima wa afya aliyekwisha kuchanjwa na kuugua korona mara moja mbili hana haja kubwa ya kurudia ya UVIKO kila mwaka, hasa akiwa wa kiume. Chanjo ya mafua ni salama kurudiwa karibu kwa kila mtu, ila kwa wengi wetu hiyo ni hesabu ya mfuko zaidi kuliko hesabu ya hatari. Mengine yote hapa chini ni sababu.

Kwa nini nyingine ni mara moja na nyingine hazina mwisho

Homa ya manjano unachanjwa mara moja. Tangu Julai 2016 kadi yake inatambuliwa mipakani kwa maisha yote, hata kama imeandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10. Surua ni dozi mbili, basi. Virusi hivyo havijabadilika kiasi cha kuikwepa kinga ya zamani. Mafua na korona tabia yao ni nyingine. Kila Februari na kila Septemba wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukaa kuamua chanjo ya mafua ya msimu ujao iwe na aina zipi, Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini. UVIKO nayo imeingia mkondo huohuo. Mwaka 2022 ilikuja chanjo yenye sura mbili, kirusi cha asili pamoja na Omicron. Mwaka 2023 ikawa tawi la Omicron liitwalo XBB.1.5 peke yake, 2024 ikawa JN.1 na mzao wake KP.2, na 2025 LP.8.1.

Hapa kuna jambo ambalo wanaohamasisha chanjo hawalisemi vizuri, na linawagharimu imani ya watu. Matoleo haya mapya hayapitishwi kwa majaribio ya makumi ya maelfu ya watu kama lile la kwanza. Marekani ilipoidhinisha chanjo ya BA.4/BA.5, matawi ya Omicron, mwishoni mwa Agosti 2022, data za toleo lile lenyewe zilikuwa za panya. Za binadamu zilitoka kwenye toleo dada la BA.1. Anayelisikia hili mitaani kwanza, kabla ya kuambiwa na daktari, ana haki ya kuhisi amefichwa kitu. Lakini hivyo ndivyo chanjo ya mafua imekuwa ikibadilishwa kwa miongo. Kiwanda ni kilekile, kipimo ni kilekile, mafuta na chumvi zilizomo ni zilezile, kinachobadilika ni sehemu ndogo ya maelezo ya kirusi. Usalama wake unathibitishwa baadaye, kwa kufuatilia mamilioni waliodungwa. Ufuatiliaji huo upo, na ndio uliotupa takwimu utakazoziona hapa.

Je, madhara yanajumlishana?

Hofu kubwa ni ya kurundikana: kwamba kila sindano inaacha kitu mwilini na siku moja kikombe kitajaa. Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mzee wa miaka 62 wa Magdeburg, Ujerumani. Kwa sababu zake binafsi alidungwa chanjo za UVIKO 217 ndani ya miezi 29. Waendesha mashtaka walimchunguza wakidhani ni udanganyifu, wakathibitisha zaidi ya 130, wala hakufunguliwa mashtaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen walimwomba damu, naye akakubali, na matokeo yalichapishwa Machi 2024. Hawakukuta madhara yaliyoletwa na sindano hizo. Seli zake za kinga hazikuwa zimechoka, na kinga yake dhidi ya vijidudu vingine ilikuwa kama ya mtu yeyote. Bila shaka ni mtu mmoja, na mtu mmoja hathibitishi usalama wa wengine. Watafiti wenyewe walionya mtu asimwige. Ila kama kikombe kingekuwepo, chake kingefurika zamani.

Kinachoongezeka kwa kurudia ni kidogo na kinajulikana. Mtoki wa kwapani, upande ule uliochomwa, hutokea zaidi baada ya dozi ya nyongeza: kwenye majaribio ya Pfizer ulionekana kwa asilimia 5.2 ya waliopewa nyongeza, wakati kwenye dozi za mwanzo ilikuwa 0.4. Hutuama wenyewe. Umuhimu wake ni kwa mwanamke mwenye miadi ya kupigwa picha ya matiti. Akichanjwa wiki hiyo, picha inaweza kuonyesha tezi zilizovimba, akaitwa tena na kukesha kwa wasiwasi wa bure. Amwambie mpiga picha tarehe ya chanjo na mkono uliochomwa.

Lingine ni la ndani zaidi. Desemba 2022 kundi lilelile la Erlangen lilionyesha kwamba baada ya dozi ya tatu ya mRNA (aina ya chanjo za Pfizer na Moderna) kingamwili za aina ya IgG4, ambazo kabla zilikuwa karibu hazipo, zilipanda taratibu hadi kukaribia asilimia 19 ya kingamwili zote dhidi ya kirusi. IgG4 ni za upole, haziiti askari wengine wa mwili kwa nguvu kama wenzake. Mitandaoni ikageuka kuwa "chanjo inaua kinga". Utafiti haukusema hivyo. Ulionyesha mwitikio dhidi ya protini moja ukibadilika tabia, ilhali kingamwili hizo bado zilikikamata kirusi. Naliona kuwa jambo la kuendelea kuangaliwa, na ni sababu mojawapo inayonifanya nisimshauri kijana mzima kurudia bila haja. Kumfanya mzee mwenye kisukari aikimbie sindano, hapana.

Sasa geuza swali. Pitia madhara ya kweli, yaliyothibitishwa, katika historia ya chanjo za aina hii. Damu kuganda kusiko kwa kawaida baada ya AstraZeneca na Janssen kulionekana zaidi kwenye dozi ya kwanza. Moyo kuvimba kwa mRNA kilele chake ni dozi ya pili. Usingizi wa maradhi uliowapata watoto wa Finland na Sweden mwaka 2009 na 2010 ulitokana na chanjo moja ya mafua ya nguruwe, Pandemrix, ya msimu mmoja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosubiri dozi ya sita. Hatari iko kwenye aina ya chanjo na kwa mwenye mwili. Idadi haijaonekana kuwa ndiyo mkosaji. Kinachopungua kadiri unavyorudia ni faida, na hapo ndipo hesabu inapopaswa kupigwa.

Hofu yenye mguu wa kusimamia

Mwaka 1979 daktari wa shule ya bweni ya Christ's Hospital, Uingereza, kwa jina Hoskins, alichapisha jambo lililowasumbua wenzake. Wavulana waliochanjwa mafua kila mwaka, baada ya milipuko mitatu, hawakuwa wameugua kidogo kuliko wenzao. Faida ya mwaka wa kwanza ilikuwa imeyeyuka njiani. Kinga humkumbuka adui wa kwanza kuliko wote, kama fundi cherehani aliyekariri vipimo vyako vya ujana: kila ukimletea kitambaa kipya anakata kwa vipimo vya zamani. Utafiti wa miaka mitano wa Houston, Marekani, uliochapishwa 1997, haukuona hasara hiyo. Uchunguzi wa Wisconsin wa 2014 uliona kitu kidogo: dhidi ya mafua ya H3N2, waliokuwa hawajachanjwa kwa miaka mitano walifaidika na sindano mpya kuliko waliochanjwa kila mwaka. Hata hivyo waliochanjwa kila mwaka walikuwa bado na kinga kuliko wasiochanjwa kabisa.

Kwa UVIKO, utafiti wa wafanyakazi wa Cleveland Clinic, Marekani, uliochapishwa 2023, ulikuta kwamba waliokuwa na dozi nyingi zaidi waliambukizwa zaidi. Sentensi hiyo imezunguka kwenye WhatsApp hadi imechakaa. Isomwe ilivyo: ulipima maambukizi, haukupima vifo wala kulazwa, na haukuwapangia watu dozi kwa bahati nasibu. Anayekimbilia kila nyongeza huwa ndiye anayejipima kwa kila kikohozi, na aliyekataa nyongeza pengine ameshaugua zaidi na kupata kinga kwa njia hiyo. Sisemi matokeo yale ni uongo. Nasema hayatoshi kumnyima dozi mtu ambaye shida yake ni kulazwa ICU.

Dengvaxia inastahili kutajwa kwa heshima. Ufilipino iliwachanja watoto zaidi ya 800,000 dhidi ya dengue, kisha Novemba 2017 watengenezaji, Sanofi, wakakiri kwamba mtoto ambaye hajawahi kuugua dengue anaweza kuugua vibaya zaidi baada ya chanjo. Kwa hiyo chanjo kuuzidisha ugonjwa si hadithi ya kutunga. Jambo hilo lilitafutwa kwenye UVIKO tangu siku ya kwanza, aina kwa aina, Delta hadi Omicron, na halikujitokeza: waliochanjwa walikufa kidogo, si zaidi.

Aina kwa aina

| | mRNA (Pfizer, Moderna) | Protini (Novavax) | Mafua ya kawaida |
|---|---|---|---|
| Kesho yake | mkono, homa, uchovu. Wengine hushinda kitandani | kwa kawaida nafuu kuliko mRNA | mkono kuuma, homa ndogo |
| Hatari adimu | moyo kuvimba, hasa vijana wa kiume | moyo kuvimba kumetajwa pia, data ni chache | Guillain-Barré (kinga kushambulia mishipa ya fahamu, mwili ukalegea au kupooza), kama 1 au 2 kwa dozi milioni 1 |
| Uzoefu | tangu mwishoni mwa 2020 | mfupi na wa watu wachache zaidi | tangu miaka ya 1940 |

Kwa mRNA, tofautisha Moderna na Pfizer. Dozi ya mwanzo ya Moderna ilikuwa mikrogramu 100, ya Pfizer 30. Uingereza, kwa wanaume chini ya miaka 40, dozi ya pili ya Moderna ilihesabiwa kuleta wagonjwa 97 wa ziada wa moyo kuvimba kwa kila milioni, wakati ugonjwa wenyewe wa UVIKO uliwaletea 16. Kwa Pfizer walikuwa 11. Ndiyo maana Oktoba 2021 Sweden na Finland ziliwazuilia vijana Moderna. Nyongeza ya Moderna ilishushwa hadi mikrogramu 50, na kuachanisha dozi kwa wiki nane kulisaidia. Kwa toleo la msimu wa 2023/2024, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikadiria wagonjwa 8 hivi kwa dozi milioni kwa walio chini ya miaka 65, na 27 kwa wanaume wa miaka 12 hadi 24. Wengi hupona, lakini kijana asiye na cha kufaidi hapaswi kuambiwa 27 ni sifuri.

Novavax ningeipa nafasi zaidi kuliko inavyopewa. Inafaa kwa aliyeteswa na mRNA: homa, kutetemeka, siku mbili hafai kazini. Kichocheo chake, Matrix-M, hutengenezwa kwa gome la mti wa Chile uitwao kwilaya, na ndicho kilichomo kwenye chanjo ya malaria ya R21 ambayo Uganda ilianza kuwapa watoto Aprili 2025. Si kitu kigeni kwetu tena.

AstraZeneca na Janssen nazipita haraka. Hazikuwahi kutolewa toleo la Omicron, na AstraZeneca iliondolewa soko la Ulaya Mei 2024. Ukiona mtu anakutangazia mojawapo leo kama nyongeza, muulize ameitoa wapi.

Mtu kwa mtu

Mzee. Hapa sina shaka kubwa. Msimu wa 2024 na 2025 Marekani, nyongeza ilipunguza kulazwa kwa walio na miaka 65 na zaidi kwa asilimia 45 hivi, na hiyo ni juu ya kinga waliyokuwa nayo tayari. Faida hupungua baada ya miezi michache, kwa hiyo wakati wa kuchanjwa una maana: kabla ya msimu wa baridi kwa aliye kaskazini, au kabla ya safari na mkusanyiko mkubwa. Vifo vya mafua vinamwangukia mzee huyohuyo. Uingereza imebana sana: tangu vuli ya 2025 nyongeza ya UVIKO ya bure ni kwa wenye miaka 75 na zaidi, wakazi wa nyumba za wazee na walioshuka kinga. Mjomba wa miaka 68 mwenye kisukari anaachwa nje hapo. Kama familia ina uwezo, ningeshauri wamlipie kwenye famasi.

Mwenye kinga iliyoshuka: aliyepandikizwa figo, aliye kwenye dawa za saratani, anayeishi na VVU na CD4 zake, yaani seli za kinga, ziko chini. Huyu huenda akahitaji kila baada ya miezi 6, na apange na daktari wake kwa sababu ratiba ya dawa inabadilisha jibu.

Mjamzito. Chanjo ya mafua, ndiyo, wakati wowote wa ujauzito. Kingamwili zinavuka kwenda kwa mtoto, na kichanga chini ya miezi 6 hana chanjo yake ya mafua. Ya UVIKO nchi zimegawanyika: Shirika la Afya Duniani linamweka kwenye kipaumbele, Uingereza imemtoa kwenye orodha ya 2025, Marekani serikali iliondoa pendekezo lake Mei 2025 huku chama cha madaktari wa uzazi kikiendelea kulipendekeza. Mgawanyiko huo hautokani na kugundulika madhara mapya kwa wajawazito. Ningekuwa namshauri dada yangu mwenye presha au pumu, ningemwambia achanjwe.

Kijana wa miaka 16 hadi 30, mzima, wa kiume. Apumzike na UVIKO, isipokuwa anaishi na mgonjwa dhaifu au kazi yake ni wodini. Akilazimika, achague Pfizer au Novavax, na isiwe ndani ya miezi michache baada ya kuugua au ya dozi iliyopita. Msichana wa umri huo hatari yake ni ndogo zaidi, faida yake ni ndogo vilevile.

Mtoto mzima wa afya: kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2023 yuko kundi la mwisho la kipaumbele. Fedha na siku ya kliniki zitumike kukamilisha surua na polio kwanza.

Mikono miwili siku moja?

Kuchanjwa ya mafua na ya UVIKO siku moja inawezekana, na kwa anayetoka mbali ni bora kuliko kukosa moja. Januari 2023 mfumo mmoja wa ufuatiliaji wa Marekani ulitoa ishara kwamba huenda kiharusi kimeongezeka kwa wazee waliopewa nyongeza ya Pfizer. Mifumo mingine ilipoangalia haikuithibitisha, ila swali la wale waliopewa siku hiyohiyo na chanjo kali ya mafua ya wazee liliendelea kuchunguzwa. Kwa mzee aliyewahi kupata kiharusi na anayeishi karibu na kliniki, kuachanisha wiki mbili hakugharimu kitu. Kwa wengine, maliza siku moja urudi nyumbani.

Kwa walio nyumbani

Wengi wetu tulichanjwa na kilicholetwa. Tanzania ilianza Julai 2021 na Janssen, siku ambayo Rais Samia alichanjwa Ikulu mbele ya kamera. Kenya na Uganda zilianza Machi 2021 na AstraZeneca, Burundi Oktoba na Sinopharm. Ukihamia nchi yenye matoleo mapya huanzi upya: dozi moja ya sasa inaweza kufuata chochote ulichopewa, na kuchanganya aina hakujaonekana kuwa na hatari ya pekee.

Chanjo ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki zetu, utainunua. Kabla ya kulipa, omba uone boksi. Limeandikwa msimu na kama ni ya kaskazini au ya kusini, pamoja na tarehe ya mwisho. Ya kaskazini kwa kawaida huisha katikati ya mwaka, kwa hiyo ukiuziwa Mei unanunua mkia wa msimu. Hapa kwetu mafua huzunguka karibu mwaka mzima, kwa hiyo kilicho kipya zaidi ndicho cha kuchukua. Tazama pia imetoka wapi: kwenye friji yenye kipimajoto, au kwenye mfuko wa muuguzi?

Baada ya sindano kaa dakika 15, kwa sababu mzio mkali, ukitokea, huja mapema. Kwa wiki moja, hasa kwa kijana, maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au pumzi kukatika si mambo ya kunywea panado. Nenda hospitali, sema "nimechanjwa siku fulani", na uombe kipimo cha umeme wa moyo na troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama moyo umeumia. Ripoti iende kwa mamlaka ya dawa, TMDA ukiwa Tanzania, PPB ukiwa Kenya, au kwenye mfumo wa kuripoti madhara uitwao Yellow Card ukiwa Uingereza, na unaweza kuipeleka mwenyewe bila kumsubiri daktari. Watakachokuuliza kwanza ni jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe, kwa hiyo piga picha kadi na kibandiko cha kichupa hapohapo kabla hujashusha mkono wa shati.